Faili lenye miguu
Leo nimeenda kufuatilia hati ya kiwanja hapa Dodoma. Ofisi siitaji. Kijana wa dirishani kaniambia faili halionekani, halafu akashusha sauti: "Mzee, toa ya maji, litajitokeza lenyewe." Jamani! Nikamwonyesha risiti ya ada, nilishalipa kwa namba ya malipo ya serikali, nikamwambia TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wanapatikana 113, tena kupiga ni bure. Akacheka kidogo. Faili likatoka kwenye kabati la nyuma yake.

Na nyie mnaoniambia "ungempa tu yaishe": sheria ya rushwa ya 2007 inambana anayeomba na anayetoa, wote wawili.

Hati yenyewe bado. Nimeambiwa nirudi Alhamisi.