Usiioshe sarafu ya Kirumi kwa maji ya bomba la Dodoma

Maji yetu mengi ya Dodoma hutoka visimani na yana chumvi. Kwa sarafu ya shaba ya Kirumi, chumvi hiyo ni sumu. Hewa yetu kavu inaitunza, ila bomba linaiua.

Kwanza utofautishe kijani na kijani. Iliyokolea, ngumu, inayoteleza kidoleni, ni ngozi ya sarafu, iache. Ukiona vidoa vya kijani mpauko, kama unga, ukivichokoa vinaacha kishimo, huo ni ugonjwa. Kloridi, ile sehemu ya chumvi iliyojificha ndani, ikikutana na unyevu na hewa hutengeneza asidi, asidi inakula shaba, na kloridi inabaki palepale kuanza upya. Haukomi wenyewe.

Tazama sarafu ndogo ya Constantine ya miaka ya 310. Upande mmoja kichwa cha kaisari, upande wa pili Sol, mungu jua, kainua mkono wa kulia, wa kushoto kashika tufe, na maandishi ya Kilatini SOLI INVICTO COMITI (kwa Sol asiyeshindwa, mwenzi) yakimzunguka. Miale ya taji lake ni vijistari vyembamba mno, na mara nyingi imebaki kwenye ile ngozi tu; shaba ya chini ilishaliwa zamani. Limau, siki au brashi ya waya vitamfuta mungu mwenyewe, na hakuna fundi wa kumrudisha.

Kwa mgonjwa, chokoa unga kwa kijiti cha meno huku ukitazama kwa lenzi. Kisha loweka kwenye kemikali iitwayo sodiamu seskwikabonati, gramu 50 kwa lita moja ya maji ya kuongezea betri ya gari. Soma chupa vizuri, maana asidi ya betri huuzwa pembeni yake! Magadi ya sokoni kwa asili ni kitu hichohicho, lakini huja na chumvi ya kawaida ndani, kwa hiyo hayafai kabisa. Badilisha maji kila wiki, na uhesabu miezi, si siku. Ngozi inaweza kubadilika rangi kidogo.

Baadaye suuza kwa maji yaleyale ya betri siku kadhaa, kausha kabisa, uifungie kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya maboksi ya viatu. Epuka mifuko laini ya plastiki ya PVC. Kwenye joto la Oktoba hutoa asidi. Mvua zikianza, Desemba hadi Aprili, ikague kila wiki. Unga ukirudi hata kidogo, irudishe kwenye dawa siku hiyohiyo.