Mtu wa pili akiingia, programu inaanza kujivuta

Saa mbili kasoro asubuhi, nikiwa peke yangu ofisini, naandika namba ya mwanachama, nabonyeza Enter, jina na salio hivi hapa. Saa mbili na nusu mhasibu anafungua programu kwenye kompyuta yake, na yangu inaanza kujivuta. Akiingia na dada wa mikopo, nahesabu mpaka arobaini ndipo fomu ifunguke. Dirishani wamesimama wazee waliotoka shamba, vitabu vyao mkononi.

Ndiyo hali iliyokuwa kwenye SACCOS yetu hapa mlimani, na kamati ilishaanza kuzungumzia seva mpya. Niliomba wiki moja kwanza. Kompyuta ni zilezile, waya ni uleule, mbona mtu akiwa mmoja programu inakimbia?

Kanzidata yetu, yaani ghala la kumbukumbu za wanachama, ni ya Access, programu ya Microsoft, na tulishaigawa zamani: majedwali yako kwenye kompyuta ya pamoja, fomu kila mtu anazo kwenye mashine yake. Nikaenda kukaa mbele ya ile kompyuta ya pamoja, nikafungua folda, nikatazama tu. Access ikifungua faili, pembeni yake kinazaliwa kijifaili chenye mwisho wa laccdb, kinachoonyesha nani yumo. Kikatokea. Mhasibu akafunga fomu, kikapotea. Akafungua nyingine, kikatokea tena. Kumbe kila fomu ilikuwa inabisha hodi upya, na watu wakiwa watatu wanagongana mlangoni kutwa nzima.

Dawa yake ni ndogo. Nilitengeneza fomu moja iliyofichwa, inayofunguka programu inapowaka, ikashika jedwali dogo la kwenye faili la pamoja na kutoliachia mpaka mtu afunge kazi. Kesho yake kile kijifaili kilikaa pale tangu asubuhi hadi jioni, na hesabu yangu ya arobaini ikaishia sita.

Sita bado ni nyingi kwa mtu aliyesimama. Hapa inabidi kuelewa kwamba Access haina seva inayokufanyia hesabu. Kompyuta inayouliza ndiyo inayotafuta, ile ya pamoja inakabidhi tu vipande vya faili. Jedwali letu la miamala lililetwa kutoka Excel, na safu ya namba ya mwanachama haikuwekewa faharasa, ile orodha ya kupatia mstari haraka bila kupekua jedwali zima. Kwa hiyo kumtafutia mzee mmoja miamala yake kumi na miwili, miamala ya wanachama wote ilikuwa inasafiri kwenye waya. Nilisubiri watu watoke jioni, nikanakili faili zima kwenye flashi, ndipo nikaweka faharasa. Ripoti ya mwaka nayo ilikuwa inachomoa mwaka kutoka kwenye kila tarehe kwa fomula ya Year, na ukifanya hivyo faharasa ya tarehe haisaidii kitu. Nikaandika ichukue kuanzia tarehe 1 Januari hadi 31 Desemba, basi.

Dada wa mikopo nimemwomba aache Wi-Fi, achomeke waya. Kwake sikuwa nafikiria kasi: mtandao ukikatika katikati ya kuandika, faili la Access linaweza kuharibika, na lile faili ndiyo akiba za watu.

Kimebaki kitu kimoja. Majina yote matatu tumeyaandika kwenye safu moja, na huku kwetu mzee anaweza kusahau namba yake lakini hasahau kutaja ukoo. Ukitafuta Massawe, kwa kuwa ukoo uko mwishoni mwa safu, unalazimika kutanguliza nyota (*) mbele ya neno, maana yake "chochote kitangulie", na neno likianza na nyota Access inapekua orodha nzima, mstari kwa mstari, faharasa iwepo isiwepo. Jumamosi naanza kuyatenganisha: jina la kwanza, la baba, la ukoo. Yale yenye mawili tu, au yenye manne, nitayapitia kwa mkono nikiwa na daftari la zamani pembeni.