Robo ya Cessna Lubumbashi: pesa inaishia nyuma ya dashibodi

Nyumbani Mbeya nikitaja kwamba nina sehemu yangu kwenye ndege, maongezi yote yanasimama. Shangazi mmoja alishaniuliza kama naweza kuja nayo harusini. Basi niseme mambo yalivyo, sifa zisije zikafika mahali nikaanza kudaiwa michango ya tajiri. Ni Cessna 182 ya miaka ya 1970, viti vinne, injini moja ya pistoni. Wenye nayo tuko wanne: mfamasia, mfanyabiashara wa mahindi, daktari wa meno, na mimi fundi umeme wa mgodini niliyepita Tunduma na Kasumbalesa kuja kutafuta maisha huku Katanga, Kongo. Mmoja akivunja kitu, tunalipa wote.

Watu hudhani injini ndiyo inayokula pesa. Inakula, sikatai, na mafuta yake ni shughuli nyingine. Pistoni inataka avgas, yaani petroli ya ndege ndogo, si mafuta ya ndege kubwa, na avgas Afrika hii ya kati inatafutwa kwa madumu makubwa ya lita 200, kwa dola safi zisizo na mkwaruzo hata wa ukucha. Lakini injini ina ratiba. Unajua saa zake, unajua lini itafunguliwa, unaweka akiba. Dashibodi haina ratiba. Siku ikiamua kuzima namba za redio, inazizima uko angani kati ya Likasi na Kolwezi.

Ninachozungumzia hapa ni vile vyombo vya mawasiliano na kuonyesha njia, yaani avioniki: redio, transiponda (kile kinachoijibu rada), GPS, vioo vinavyomwambia rubani kama mabawa yamelala sawa. Mwenzetu wa mahindi amekuwa akituletea picha za skrini kubwa zinazochukua dashibodi nzima, ramani ya rangi, milima ikionekana kama sinema. Ni nzuri kweli. Mimi kila mara namuuliza swali lilelile: kikifa, nani atakifungua?

Tuna redio mbili aina ya KX 155, zile zenye namba za rangi ya chungwa zinazowaka kwa gesi. Ni redio za zamani, na ugonjwa wake unajulikana: namba zinafifia miaka ikienda, mpaka jua la mchana linakufanya uweke kiganja juu yake ndipo usome masafa. Ila ukiifungua unaona vitu. Kuna bodi unazoweza kupima, kuna sehemu unazoweza kubadilisha, na karakana zenye leseni kwenye viwanja vya ndege vya Wilson pale Nairobi au Lanseria, Johannesburg, bado wanaijua ndani na nje. Kifaa cha kisasa kimefungwa, ndani kuna programu, na kikileta matatizo karakana haikitengenezi: inakirudisha kwa mtengenezaji, nawe unapewa kingine kilichokwisha kurekebishwa. Kwa mtu wa Florida hilo ni jambo la siku chache. Kwa mtu wa Lubumbashi ni karatasi za kutoa mali nchini kwa muda, na usipozipata kabla boksi halijaondoka, siku linarudi unatozwa ushuru kana kwamba umenunua jipya. Kuna ndege nimeziona Luano, uwanja wetu wa ndege, zimekaa na tundu wazi kwenye dashibodi, mwenyewe anasubiri boksi.

Hapo msinielewe vibaya, mimi si mpenzi wa vitu vya kale. Kuna kitu kimoja cha zamani ambacho ningekitoa leo kama fedha ingekuwepo, nacho ni pampu ya vakumu.

Kwenye ndege kama yetu, kioo kinachoonyesha upeo wa macho na kile kinachoonyesha uelekeo vinaendeshwa na jairo, gurudumu dogo linalozunguka kwa kasi sana. Linazungushwa na hewa inayovutwa na pampu iliyofungwa kwenye injini. Pampu hii haina oili. Ndani ina vipande vya kaboni vinavyosagika vyenyewe taratibu, na kimoja kikimeguka pampu inakufa hapohapo, bila kelele, bila harufu. Wengi huibadilisha kila saa 500 hivi bila kungoja ishara, kwa sababu ishara haiji. Ubaya hauko kwenye kufa kwa pampu. Jairo halisimami ghafla, linapungua kasi kidogo kidogo, na kioo kinaanza kuinama polepole. Rubani aliye ndani ya wingu anakiamini, anaifuata ile inamo, na mwili wake unamwambia yuko sawa. Ajali za namna hiyo zimeandikwa sana.

Mtu atasema, sisi ni marubani wa kutazama nje, mawingu ya nini? Huyo hajakaa huku mwezi wa nane na wa tisa. Miombo inachomwa kila upande, moshi unatanda, na siku nyingine huoni mstari kati ya ardhi na mbingu. Unarudi mjini unatafuta bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, na kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba, alama ambazo kila rubani wa hapa anazitegemea, na unaviona umeshavifikia. Mvua zikianza ni kesi nyingine, radi za Katanga hazina adabu.

Badala ya pampu kuna vyombo vidogo vya umeme vinavyoingia kwenye tundu lilelile la kioo cha zamani. Garmin, watengenezaji wa avioniki, walitoa kimoja kiitwacho G5 mwaka 2016, na ina betri yake ya akiba inayoweza kuibeba mpaka saa 4 umeme wa ndege ukikatika. Hakuna gurudumu ndani, hakuna pampu. Ukiweka viwili, cha upeo na cha uelekeo, unaing'oa pampu na mipira yake yote, ndege inapungua uzito. Hicho nacho kikifa kitasafiri, najua. Lakini pampu ikifa wewe ndiye unayesafiri nayo. Kwa hiyo hapa nakubali karatasi za forodha.

Sasa niwaambie kilichofanya niandike. Redio namba moja ilianza kutoa mluzi kwenye hedseti. Ukiongeza nguvu za injini mluzi unapanda, ukipunguza unashuka. Luano wakawa wanatuomba turudie kila tunachosema. Mfamasia akasema ndiyo basi, redio imezeeka, tununue mpya. Mluzi unaofuata injini unatoka kwenye alteneta, na unapata njia ya kuingia kwenye sauti pale ambapo waya wa ardhi haujashika vizuri. Redio mpya ungeiweka palepale na ingepiga mluzi uleule.

Tukafungua paneli, mimi na kijana mmoja wa Katuba aliyejifunza ufundi kwa kutengeneza simu, mikono yake mepesi kuliko yangu. Nyuma ya dashibodi ya ndege ya umri huu kuna historia nzima. Kila aliyewahi kuimiliki ameongeza kitu, na alipokitoa aliacha nyaya zake. Zipo zilizokatwa na kufungwa tepu nyeusi ambayo gundi imeshayeyuka. Ganda lake la plastiki limekuwa gumu, ukilikunja linapasuka, na plastiki ile ya kizamani ikishika moto kwenye chumba kidogo kama kile, moshi wake ni sumu.

"Papa, hii waya inaenda fasi gani?" kijana akaniuliza, ameshika mmoja mwekundu.

Tukaufuata kwa kidole mpaka chini ya kiti.

"Haiende fasi," akajijibu, yaani hauendi popote, akacheka.

Nikaweka mita, ncha moja kwenye mwili wa redio na nyingine kwenye hasi ya betri, nikamwambia abonyeze kitufe cha kuongea. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikasoma nusu volti. Nusu volti inasikika ndogo, ila kwenye waya wa maikrofoni, ambao ishara yake yenyewe ni hafifu, ni kelele tupu. Tukaifuata njia ya ardhi hadi kwenye boliti moja nyuma ya nguzo ya dashibodi, ina vishikio vitano vya nyaya vimerundikwa pamoja, na katikati ya vishikio kuna ukungu wa kijani. Tukavitoa, tukapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, tukavigawa kwenye boliti mbili.

Kijana alitaka kulehemu vishikio vipya kwa risasi, maana kwenye simu ndivyo wanavyofanya. Ndegeni hapana. Risasi ikiingia kwenye nyuzi za waya inazifanya ziwe kijiti, na pale kijiti kinapoishia, mtikisiko wa injini unakata. Nyaya za ndege zinabanwa kwa koleo maalumu, lenye kipimo chake, lisiloachia mpaka umebana inavyotakiwa. Koleo hilo ni ghali, na ndilo kifaa cha kwanza nilichowashauri wenzangu tununue kabla ya skrini yoyote. Walinitazama kama ninayeomba rushwa.

Tukabadilisha pia waya wa antena. Wa zamani, RG-58, ulikuwa umepasuka ganda karibu na soketi, tukaweka RG-400. Kisha akaja mhandisi mwenye leseni, akakagua, akasaini kitabu cha ndege. Hilo naomba lieleweke: mimi natafuta ubovu, lakini saini si yangu, hata kama najua umeme kuliko anayesaini. Mluzi ukaisha. Redio ni ileile.

Kuhusu redio nina upendeleo, nakiri. Sehemu kubwa ya anga ya Kongo huna rada inayokutazama, na viwanja vingi vya porini hakuna mtu wa kukujibu. Ndiyo maana Afrika marubani hutangaza walipo kwenye masafa ya 126.9, wenyewe kwa wenyewe: niko wapi, urefu gani, naelekea wapi. Usiposikika, hupo.

Transiponda nayo watu hunibishia. Wanasema, kama rada hakuna, ya nini? Rada haipo lakini ndege kubwa inayoshuka Luano ina chombo chake cha kuepusha kugongana, kinachouliza na kusubiri transiponda za jirani zijibu. Yako ikiwa imezimwa, kwa yule rubani wa ndege kubwa wewe ni hewa tupu. Zile za kisasa zinazotangaza mahali ulipo zenyewe, Marekani wamezifanya lazima kwenye sehemu kubwa ya anga yao yenye shughuli tangu Januari 1, 2020. Ya kwetu ikifa tutanunua ya aina hiyo. Kabla ya hapo, pesa yake ina kazi nyingine.

Kazi hiyo ni kile kiboksi cha chungwa mkiani, kinachopiga kelele ndege ikianguka. Tulichokikuta kilikuwa cha masafa ya 121.5 pekee. Setilaiti ziliacha kuyasikiliza masafa hayo Februari 1, 2009. Maana yake, ukiangukia kwenye msitu kati ya hapa na Manono, kiboksi kitalia mpaka betri iishe na atakayekisikia ni rubani anayepita juu kwa bahati, kama anasikiliza. Cha sasa kinatumia 406, kinatuma namba yake kwa setilaiti, na namba hiyo unaisajili pamoja na simu za watu wako. Daktari wa meno aliandika simu ya mkewe na ya mama mkwe. Hicho tulinunua bila mjadala, jambo lisilo la kawaida kwenye kikao chetu.

GPS tunayo, hatuipingi. Lakini ramani na njia zilizo ndani yake zinabadilika kila siku 28 kwa mpangilio wa dunia nzima, na usajili wake unalipwa kila mwaka, jambo ambalo muuza kifaa halitaji kwa sauti. Halafu mwaka 2024 zilitoka taarifa za mawimbi ya GPS kuvurugwa huko Kivu ya Kaskazini. Sisi tuko mbali na huko, ila tangu hapo sijasikia tena mtu akisema dira ya sumaku itolewe ipishe kishikio cha tableti.

Kuna jambo moja halina gharama na linadharauliwa. Nyigu. Mvua zikianza wanapenda kujenga kwenye mrija mdogo chini ya bawa unaopokea upepo ili kioo cha mwendo kisome. Mwaka 1996 Boeing 757 ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, watu 189 wakafa, na wachunguzi walisema mrija mmoja ulikuwa umeziba, pengine kwa kiota cha wadudu. Ndege ilikuwa imekaa chini siku kadhaa bila vifuniko. Vyetu alivishona fundi cherehani wa Kamalondo kwa turubai, na utepe mwekundu mrefu ili tusiruke navyo.

Kikao cha mwisho tulikula bukari, yaani ugali, na samaki kwa mfamasia, tukabishana mpaka usiku. Tumekubaliana vyombo viwili vya umeme vya kuondoa pampu, viwekwe kiangazi kijacho, baada ya mhandisi kuhakikisha karatasi zake zinakubalika kwa mamlaka ya anga na kwamba ni vya volti 14 kama ndege yetu, maana kuna vya 28. Nyaya zilizokufa zote zitatoka kwanza. Kijana wa Katuba ndiye atakayezitoa, na atalipwa kwa siku, siyo kwa waya, kwa sababu nimeshaona zilivyo nyingi. Mwenzetu wa mahindi bado anataka skrini yake. Tumemwambia aanze kuchanga.