Gia boksi haikuwa na kosa: uzoefu wangu na Land Rover 109

Naandika haya nikiwa bado na hasira kidogo. Mafundi wa hapa Mtwara, mmoja baada ya mwingine, walishika stiki ya gia, wakasikia inavyokwaruza, wakatoa hukumu ile ile: "Mzee, gia boksi imekwisha hii, tafuta nyingine." Hakuna aliyelala chini ya gari. Hakuna hata aliyevua saa.

Gari lenyewe ni Land Rover 109 Series III ya dizeli, lililokaa masika nzima chini ya turubai Mikindani, karibu kabisa na bahari. Lilipowashwa, gia ya kwanza ikakataa kuingia, rivasi ikalia kama mashine ya kukoboa, na ukikanyaga klachi hadi chini gari bado linataka kwenda.

Gia boksi ya Series III ina gia nne za mbele, zote zina sinkronaiza, yaani ringi zinazosawazisha mwendo wa gia kabla hazijaingiana. Rivasi haina, na hiyo ndiyo itakayokupa jibu. Kwanza zima injini, kanyaga klachi, pitisha gia zote. Zikiingia laini, stiki na zile uma za kusukumia gia hazina tatizo. Halafu washa injini, iache islo (ingurume taratibu), weka frii, kanyaga klachi hadi mwisho, hesabu taratibu mpaka kumi, ndipo uingize rivasi. Muda huo unatosha shafti ya boksi inayopita kwenye pleti ya klachi kusimama. Rivasi ikikwaruza, kuna kitu bado kinaizungusha ile shafti, yaani klachi haiachii. Boksi hapo haina kesi ya kujibu.

Kwa kelele, sikiliza mguu uko wapi. Mlio unaosikika gari likiwa frii na mguu uko nje, ukapotea ukikanyaga klachi, ni wa beringi za ndani ya boksi. Ukija pale unapokanyaga, shuku rilizi beringi (ile inayosukuma klachi iachie), au ile bushi ndogo, pete inayobeba ncha ya shafti ya boksi nyuma ya krenki, shafti kuu ya injini. Ukisikia mlio kwenye gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, halafu ya nne inatulia, hizo ni beringi za leishafti (shafti ya pembeni ndani ya boksi), maana gia ya nne hupeleka nguvu moja kwa moja na leishafti inazunguka bila mzigo. Gia inayochomoka yenyewe ukiachia mafuta kwenye mteremko, anza na raba zinazobeba injini na boksi kabla hujagusa gololi na springi za ndani.

Mwaga oili kwenye beseni safi na upitishe sumaku. Unga laini wa njano ambao sumaku haiugusi ni wa ringi za sinkronaiza, na kidogo si neno. Vipande vinavyonasa kwenye sumaku ni meno au beringi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Yangu ilikuwa na unga tu.

Sasa ushauri niliopewa. Mmoja aliniambia niweke hypoy 140, oili nzito ya gia, "ili ishike". Oili nzito kiasi hicho inachelewesha sinkronaiza, ukajiongezea ubishi wa gia asubuhi. Boksi hii inataka oili ya namba 90 basi, na kwenye kopo tafuta maandishi GL-4. Ile ya GL-5 ipeleke kwenye difu. Dawa zilizomo zinaweza kula ringi za shaba. Mwingine akasema nijaze mafuta ya injini kwenye kikopo cha klachi kwa kuwa ya breki yameadimika. Raba za masta silinda (silinda ya juu, ya kwenye pedali) zikionja mafuta ya injini zinavimba, na pedali haitarudi tena. Yupo pia aliyependekeza unga wa mbao ndani ya boksi. Huo ni ujanja wa kumuuzia mtu gari bovu, na mimi siuzi.

Mfumo wa mafuta ya klachi niliupima hivi. Piga pedali haraka haraka mara mbili tatu kisha jaribu gia. Ikiingia, kuna upepo au raba zimechoka. Kwangu haikubadilika kitu. Nikamwita kijana akanyage, mimi chini na rula. Fimbo ya silinda ya chini ikatoka kiasi kile kile kila mara, na akishikilia pedali hairudi nyuma. Mafuta hayakuwa na shida.

Zikabaki mbili: pleti imegandia flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) kwa kutu ya chumvi, au bushi ya krenki imeishika shafti. Pleti iliyoganda huiachishi kwa spana. Nililaza pedali chini usiku kucha kwa kijiti kilichokazwa kwenye siti, asubuhi nikapasha injini moto, nikaenda kwenye uwanja usio na watu, nikawasha gari likiwa tayari kwenye gia, na huku nimekanyaga klachi nikawa naongeza mafuta na kuachia ghafla. Likapiga mshindo mmoja, pleti ikaachia. Gia za mbele zikaingia kwa tabu, lakini rivasi bado ikakwaruza. Basi hapo jina la mhalifu ni bushi.

Kuifikia, huna haja ya kutoa boksi nje ya gari. Toa sakafu, boksi la siti, propela zote mbili, waya wa spidomita, fimbo za hendibreki na silinda ya klachi. Egemeza injini kwa nyuma na jeki na kipande cha ubao, boksi ibebe kwa jeki ya pili, fungua raba zake, kisha ivute nyuma kiasi cha mkono kupita. Nati za propela ni za inchi 9/16. Spana 14 haiingii na 15 inazunguka mpaka kona zinaisha, kwa hiyo azima seti ya inchi kabla hujaanza kutukana.

Ukishatoa presha pleti (kifuniko kinachobana pleti) na pleti yenyewe, bushi imekaa ndani ya tundu nyuma ya krenki, huwezi kuishika kwa chochote. Hapa ndipo kwenye utamu. Nilimwendea mchongaji wa Kimakonde nikiwa na vernia (kifaa cha kupimia kipenyo), nikamwomba kijiti cha mpingo. Mpingo ni mgumu, mzito hadi unazama majini, na haubonyei. Ncha yake ilitakiwa ibane kabisa kwenye bushi kuukuu, na bushi kuukuu imelika, kwa hiyo ni pana. Shina la kijiti likatoshea meno ya katikati ya pleti. Kichwani nikavisha pete ya bomba la chuma, isije ikapasuka kwa nyundo.

Jaza grisi ndani ya tundu la bushi hadi ifurike. Ingiza kijiti, piga nyundo. Grisi haina pa kukimbilia ila nyuma ya bushi, na inaisukuma itoke nje. Ongeza grisi, piga tena. Ikianza kuvuja pembeni ya kijiti, gazeti lililoloweshwa na kufinyangwa linafanya kazi ile ile kwa usafi zaidi. Bushi ikatoka na kuniangukia kifuani, kavu, kutu ndani.

Bushi mpya iloweke kwenye oili ya injini usiku kucha. Au fanya hivi: ziba upande mmoja kwa kidole, ijaze oili, kandamiza upande wa pili kwa dole gumba. Baada ya muda utaona vijitone vya oili vikitokeza kwenye ngozi ya bushi, maana madini yake yana vitundu. Ikitoa jasho hivyo, iko tayari kuingizwa tunduni.

Halafu nikapiga msasa ncha ya mpingo mpaka ikatoshea bushi mpya, na kijiti kikawa cha kusentia pleti, yaani kuiweka katikati sawasawa. Pleti ina upande: kitovu kilichotokeza kinaangalia boksi. Bolti za presha pleti zikaze kwa kuvuka, kidogo kidogo, kijiti kikiwa ndani. Unaporudisha boksi, usiiache ining'inie kwenye pleti, itaipinda. Meno yakikataa kukutana, weka gia ya nne na zungusha kwa mkono flenji ya nyuma. Ikaingia bila matusi.

Pleti na rilizi beringi nilibadilisha hapo hapo, zilitoka Kariakoo kwa basi, laki mbili na kitu ukiweka na usafiri. Bushi ni hela ya vocha. Mchongaji alikataa malipo, nikamwachia ya soda. Oili ni lita moja na nusu kwa boksi na lita mbili na nusu kwa transfa, boksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma. Pima zote mbili kila mwezi, kwa sababu sili ya katikati yao ikichoka, boksi inakauka huku transfa inafurika.

Chini ya hauzingi ya flaiwili kuna tundu lenye plagi ya kuvukia maji. Lifunge ukienda kuvuka mto tu, kisha litoe. Likidondosha oili, inuse: yenye harufu ya kiberiti ni ya gia boksi, nyeusi isiyo na harufu hiyo ni ya injini.

Nilipandisha nalo Newala likiwa na mzigo, gia zote zinaingia kwa vidole viwili. Ya pili peke yake inakwaruza kidogo oili ikiwa ya baridi, ringi yake imelika kweli. Kuibadilisha kunataka boksi ifunguliwe yote, na hilo litasubiri hadi korosho ziuzwe.