Nilivyozisoma Kuta za Bagamoyo

Wengi wetu tukienda Bagamoyo huenda kusikia habari za misafara: pembe za ndovu, wapagazi waliotoka Ujiji na Tabora, watu waliofikishwa pwani wakiwa kwenye minyororo. Habari hizo lazima zisemwe, na waongozaji wa pale wanazisema vizuri. Mimi nilikwenda kutafuta jambo la pili, ambalo vibao haviligusi sana. Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Nikisimama mbele ya jengo la zamani, kibao kinanieleza nani alilimiliki na nani alilitawala, lakini nani aliyelijenga, kwa mawe gani, na limesimamaje miaka yote hiyo kando ya bahari ya chumvi, hakuna anayenijibu. Nilitaka makumbusho ya ujenzi. Kwa kuwa Bagamoyo haina nyumba yenye jina hilo mlangoni, niliamua kuutembea mji wenyewe kama makumbusho hayo.

Kabla ya safari nilipita Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam. Pale nyumba za makabila yetu zimejengwa kwa ukubwa wake halisi, unaingia, unainama, unagusa: msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo, nyumba ya Wazaramo. Ni mahali ninapopapenda sana, na nasikitika kuona wanafunzi wanapitishwa mbiombio. Unatoka pale ukiwa umeshajua kuuliza fito zimefungwa na nini na moshi unatokea wapi. Kwa bahati njema, stendi ya Makumbusho, ambako nilipanda basi la Bagamoyo, iko jirani kabisa. Njia nzima kichwa changu kilikuwa bado kimejaa fito na udongo.

Nilifikia kwa shangazi yangu, upande wa Magomeni ya Bagamoyo. Mkobani nilikuwa na daftari, penseli, tochi na futi ya fundi. Mpango wangu ulikuwa huu: kuyafuata majengo kwa umri wake, nisiyafuate kwa ukaribu wake, na kila nitakapofika niangalie mambo manne tu, yaani ukuta, dari, mlango na njia ya maji. Mengine yote niliyaacha yapite. Mtu akijaribu kuona kila kitu Bagamoyo kwa siku moja, jioni hakumbuki lolote isipokuwa jua.

Kwa hiyo nilianzia Kaole, kama kilomita 5 kusini mwa mji, nikachukua bajaji asubuhi mapema. Kaole ina magofu ya misikiti miwili na makaburi, na msikiti wa zamani zaidi huhesabiwa kuwa wa karne ya 13. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba pale mwaka 1958. Kwa mtu wa kazi yangu, gofu lina faida ambayo nyumba nzima haina: ukuta uliovunjika umejikata wenyewe, unaona ndani yake bila kubomoa. Nilikaa chini mbele ya kipande kimoja cha ukuta mpaka mwongozaji akadhani naumwa.

Nilichokiona ni mawe ya namna mbili. Ukuta mkubwa umejengwa kwa mawe magumu ya matumbawe ya kale, yale yanayochimbwa nchi kavu, yenye matundu na sura isiyo na mpangilio, yakapangwa na kushikwa kwa chokaa. Lakini kwenye mihrabu, ile sehemu ya ukuta inayoonyesha upande wa Kibla, na kwenye kingo za milango kuna jiwe jingine, laini usoni, lenye pembe zilizonyooka. Hilo ni tumbawe lililokatwa baharini. Likiwa bado bichi lina ulaini wa kuchongwa. Likikauka hewani linakaza. Mwashi wa zamani alijua amalize kazi ya kulichonga kabla halijawa jiwe kwelikweli. Yaani alikuwa na muda wake, na muda huo uliamuliwa na jiwe, haukuamuliwa na yeye. Na chokaa inayoshika yote ni matumbawe hayohayo, yaliyopangwa juu ya magogo na kuchomwa tanuruni, kisha yakamwagiwa maji na kuachwa yapoe na kulainika kwa muda mrefu. Jiwe na kinachoshika jiwe ni kitu kimoja. Nilipolielewa hilo nilifurahi kiasi cha kumweleza mwenye bajaji njia nzima ya kurudi, naye akanisikiliza kwa adabu.

Makaburi ya nguzo ya Kaole nayo yatazame kwa karibu. Mashimo ya mviringo yaliyobaki kwenye nguzo yalikuwa ya bakuli za kaure kutoka China; sasa mengi ni matupu. Chumba kidogo cha makumbusho hapohapo kina vipande vilivyookotwa. Nilipima kina cha shimo moja kwa kidole, nikaona kwamba fundi alitengeneza nafasi ya bakuli wakati chokaa ingali mbichi. Pambo halikubandikwa baadaye, lilipangwa tangu mwanzo. Mbele ya magofu sasa ni mikoko na tope. Bahari ambayo mji ule uliitegemea imesogea mbali.

Ngome Kongwe niliipita haraka kidogo. Ilijengwa mnamo 1860 na mfanyabiashara wa Kiarabu, na baadaye ikapita mikononi mwa Sultani na Wajerumani, ikaja kuwa gereza hadi 1974. Ni jengo zito, linalofunga mikono kifuani. Jambo nililolinukuu pale ni jinsi ukuta unavyonenepa kwa chini, na jinsi uwazi ulivyo mchache upande wa nje na mwingi upande wa ua. Nyumba ya pwani huangalia ndani.

Misheni ya Wakatoliki ndipo mawazo yangu yalipogeuka. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 wakitokea Unguja. Kanisa lao la kwanza ni la 1872, na mnara wake ndio uliopokea mwili wa David Livingstone tarehe 24 Februari 1874, baada ya watumishi wake Susi na Chuma na wenzao kuubeba kutoka bara. Makumbusho ya Misheni yamo katika jengo la masista la mwaka 1876. Picha za zamani zilizomo mle ndizo zilizonisaidia kuliko maandishi: ukiikuta picha ya jengo kabla halijafanyiwa ukarabati, unajua paa lilikuwa wapi na lilipigwa na nini.

Sasa tazama nyumba ya mapadri. Mawe yaleyale, chokaa ileile, na kwa akili yangu mikono ileile ya waashi wa pwani. Lakini nyumba imegeuzwa. Veranda zenye matao zimezunguka vyumba, ghorofa juu ya ghorofa, na madirisha marefu yanatazama nje kwenye miembe. Veranda hiyo hupokea jua na mvua ya kusi kabla havijaufikia ukuta wa chumba, na upepo unakatiza kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nyumba ya Mswahili hupata ubaridi kwa kujifunga: ukuta mnene, ua katikati, vyumba vya ndani kabisa penye kivuli. Ile ya mapadri hupata ubaridi kwa kujifungua. Nilichora zote mbili kwenye ukurasa mmoja, mishale ya upepo ikipita, na ukurasa huo ndio ninaouonyesha vijana ofisini wanaponiambia kwamba bila kiyoyozi nyumba ya pwani haikaliki.

Majengo ya Wajerumani yanasomeka kwa urahisi ukishatoka Misheni. Mnara mdogo wa ulinzi kwenye njia ya kuingia mjini ni wa 1889, wakati wa vita vya Bushiri bin Salim. Forodha iliyo ufukweni ni ya 1895. Boma, yaani jengo la utawala wao, ni la 1897, ghorofa moja juu, umbo la herufi U, pande mbili zikifanana kama mtu na kivuli chake. Makao makuu ya koloni yalikwishahamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891, na bado miaka sita baadaye walijenga jengo la ukubwa ule. Nilisimama mbele yake nikaona wazi kuwa umbo lile ni la kuonwa kutoka mbali, hata kutoka baharini. Mahesabu yake ni ya mtawala: katikati mkubwa, pembeni wadogo. Nililiheshimu kama kazi ya mafundi, ila sikulipenda.

Mtaa wa India ndio niliouachia muda mwingi. Hapo ziko nyumba za wafanyabiashara, duka chini na makazi juu, na milango ya nakshi. Mmoja wa watu wanaotajwa katika habari za wafanyabiashara hao ni Sewa Haji Paroo, tajiri wa Kihindi, aliyetoa jengo la shule mwaka 1896 lililopokea watoto wa rangi zote. Leo watu wa mji wanaijua kama Shule ya Msingi Mwambao. Milango niliisoma kwa sehemu zake: miimo miwili ya pembeni, kizingiti cha juu, na mfaa, ule ubao wa katikati unaofunika pengo la mbao mbili. Kizingiti kilichonyooka kina asili tofauti na kile cha nusu duara, ambacho kilikuja na ladha ya mafundi wa Kihindi. Mnyororo uliochongwa pembeni, mawimbi, majani ya mtende, kila kimoja kina zamu yake. Nenda asubuhi au jioni, jua likiwa linalala. Mchana nakshi zinapotea.

Shida ilikuwa ndani. Majengo ya makumbusho huonyesha vyumba vilivyokarabatiwa, na dari nyingi zimeshabadilishwa. Mimi nilitaka kuona dari ya boriti inayokaliwa na watu. Hapo shangazi alinisaidia. Alimjua mzee mmoja mwenye nyumba ya mawe ya urithi, tukaenda baada ya alasiri.

"Hodi hapa!"

"Karibuni, starehe."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

Shangazi akasema, "Kaka, huyu ni mtoto wa ndugu yangu. Anachora majumba."

"Anachora ili anunue?"

"Hapana mzee," nikamjibu. "Nachora nijue limejengwaje. Ukiniruhusu nipime chumba kimoja, nitakuachia nakala."

Akanitazama, akamtazama shangazi, kisha akaita kahawa. Tuliinywa barazani mpaka ikaisha ndipo akasema, "Ingia, lakini ngazi ya juu usiikanyage katikati, kanyaga pembeni." Namshauri kila anayetaka kuona nyumba za watu asiruke hatua hiyo ya barazani. Kubisha mlango wa mtu usiyemjua ukiwa na kamera shingoni ni kumfanya mwenye nyumba kuwa maonyesho.

Ndani nilipata nilichokifuata. Chumba kilikuwa kirefu na chembamba, na upana wake ulikuwa chini ya mita 3. Chumba cha pili vilevile. Sababu iko juu ya kichwa: boriti ni mti wa mkoko, na mkoko mzuri wa dari una urefu wake, takriban mita mbili na nusu hadi tatu. Mwashi alianza na boriti, upana wa chumba ukafuata. Msitu wa mikoko ndio uliopima vyumba vya pwani nzima, kuanzia Lamu hadi Kilwa. Juu ya boriti kumepangwa vipande vya mawe, juu yake chokaa iliyopigwa ikashikana. Ukutani kulikuwa na zidaka mbili, yaani mashubaka, za taa na za vyombo, zilizotengenezwa ukuta ulipokuwa unapanda.

Upande wa uani ukuta ulikuwa unaumwa. Lipu ya saruji imefura, ukiigonga inalia utupu, na chini yake mawe yametoa unga mweupe. Mzee alisema kila baada ya masika humwita fundi, lipu inapigwa upya, na mwaka unaofuata inaanguka tena ikiwa na kipande cha ukuta. Kwa yote niliyokuwa nimeyaona tangu Kaole, jibu lilikuwa pale mbele yetu. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji ya ardhini na chumvi yake, kisha huyatoa hewani kupitia chokaa. Chokaa inapitisha mvuke. Saruji haipitishi vya kutosha: maji yanakwama nyuma yake, chumvi inakauka ndani ya jiwe, inatanuka, inalisaga jiwe. Saruji inashinda kwa ugumu, na ugumu huo ndio unaoumeza ukuta.

"Kwa hiyo niache ukuta uchi?" akauliza.

"Kwa muda, ndiyo mzee. Ubanduliwe saruji, ukae ukauke kiangazi kizima, kisha upigwe lipu ya chokaa. Na maji ya bafu yanayomwagika pale chini yapelekwe mbali."

Alinyamaza, akasema marehemu baba yake alikuwa na shimo la chokaa hapo uani, na watoto walikatazwa kulisogelea.

Suala la boriti halina jibu rahisi hivyo. Mbili zilikuwa zimeoza penye kichwa, ndani ya ukuta. Mikoko inalindwa kisheria, haikatwi bila kibali, na ni sawa ilindwe. Bila mikoko pwani inaliwa. Wengine huondoa dari yote na kumwaga zege, na uzito wa zege juu ya ukuta wa zamani ni hatari nisiyoipendekeza kwa yeyote. Kwa boriti mbili nilimshauri mbao ngumu iliyokaushwa vizuri, ichomekwe pale penye tundu lilelile, huku ncha yake ikiachiwa nafasi ya kupumua.

Nilirudi na mchoro uliokamilika: ramani ya chini, ya juu, na mkato mmoja unaoonyesha ukuta kuanzia msingi hadi ukingo wa paa. Nakala niliipeleka kwa mkono wa shangazi. Fundi wa mzee ameiona, ameuliza chokaa iliyolowekwa inapatikana wapi, na wamekubaliana kuanza na upande wa uani masika yakiisha.