Malambo ya zamani ya Lindi na Mtwara kwenye ramani: wiki ya 9 hadi ya 13

Wiki ya 9

Karatasi sita za ramani za 1:50,000 za bonde la Lukuledi zimeingia kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta. Ni za mfululizo wa Y742, kila moja ikifunika dakika 15 kwa 15 za nyuzi. Tano zimekaa vizuri. Ya sita ilionyesha malambo yote yamepanda mlimani.

Lambo haliwezi kukaa mgongoni mwa kilima, kwa hiyo mtu hushawishika kulishika kwa kipanya na kulivuta hadi mtoni. Usifanye hivyo. Malambo yote yakikosea kuelekea upande mmoja na kwa umbali uleule, kosa ni la datumu, yaani msingi ambao namba za mahali zinahesabiwa kutoka kwake. Karatasi hizi zimechorwa kwa Arc 1960, inayotumia umbo la dunia la Clarke 1880. Simu na picha za setilaiti zinatumia WGS84. Huku kwetu kusini, ukisoma namba za gridi ya zamani kana kwamba ni za WGS84, kila kitu kinakaa kama mita 300 kaskazini na mita 95 magharibi ya mahali pake. Kwa lambo lenye tuta la mita 120, hapo tayari uko kijiji kingine.

Dawa yake ni namba mbili za EPSG, orodha ya mifumo ya ramani. Ramani ifungwe kwa EPSG:21037, ambayo ni Arc 1960 kanda ya 37 kusini, kisha igeuzwe kwenda EPSG:32737. Wakati wa kugeuza, QGIS inaweza kukupa njia zaidi ya moja: moja ina vipimo (mita za kusogeza kitovu cha dunia) vya -160, -6, -302 na nyingine -175, -23, -303. Kwa eneo hili zinatofautiana mita chache tu. Chagua mojawapo, iandike kwenye faili la maelezo, na usibadilishe katikati ya kazi.

Pointi za udhibiti, yaani zile unazoiambia kompyuta ziko wapi, ni 16 kwa kila karatasi, zote kwenye makutano ya mistari ya gridi: nne kwa nne, zikigusa pembe zote. Andika namba zilizochapwa pembezoni, usibofye njia panda kwenye picha ya setilaiti. Barabara zimehama, na ukishachanganya kosa la datumu na kosa la barabara huwezi tena kuyatenganisha. Angalia sifuri pia: kaskazini ya bonde hili ni kama 8 870 000, na katikati ya ukingo zimechapwa tarakimu mbili tu kubwa, kwa hiyo ni rahisi kuandika 887 000.

Kwa skani ya nukta 400 kwa inchi, pikseli moja ni mita 3.2 ardhini. Mabaki, yaani umbali kati ya pointi ilipotua na ilipotakiwa, yakizidi pikseli mbili, tafuta mkunjo wa karatasi kabla ya kulaumu kitu kingine. Mtindo wa "thin plate spline" tumeuacha, kwa sababu unavuta picha mpaka kila pointi ikae pake. Mabaki yanasoma sifuri hata pale ulipoandika namba ya uongo. Polinomia ya daraja la kwanza, inayogeuza na kunyoosha picha nzima kwa pamoja, inakuonyesha kosa lako, na ndicho tunachokitaka.

Wiki ya 10

Zamu ya michoro ya ujenzi. Mmoja umechukua karibu wiki nzima: lambo dogo kwenye kijito kinachoingia Lukuledi, nakala ya bluu, inchi moja kwa futi 100, yaani 1:1,200.

Karatasi za namna hii husinyaa, na hazisinyai sawasawa. Mstari wa mizani wa inchi 5 ulitakiwa kuwa milimita 127. Rula ya chuma ilisoma 126. Upande wa pili fremu ilikuwa sahihi. Kwa tuta la futi 400 hiyo ni karibu mita moja, si balaa, ila pima pande zote mbili kabla ya kuamini upande mmoja.

Namba zenyewe: tuta futi 400, kina cha maji ukutani futi 16, maji yanarudi nyuma futi 1,150. Kanuni ya haraka ya malambo madogo ni urefu wa tuta mara marejeo (umbali ambao maji yanarudi nyuma) mara kina, gawanya kwa sita. Inatoa futi za ujazo 1,226,667, sawa na mita za ujazo 34,700. Pembeni pameandikwa galoni milioni 7.6. Kwa galoni ya Kiingereza ya lita 4.546 unapata mita za ujazo 34,500, na hesabu inafunga. Aliyeingiza kwenye jedwali alitumia galoni ya Marekani ya lita 3.785, lambo likapungua asilimia 17 bila tope hata ndoo moja. Michoro ya Tanganyika isomwe kwa galoni ya Kiingereza. Ikitajwa ekari-futi, moja ni mita za ujazo 1,233.

Kuna mtego mwingine. Kilele cha tuta kimeandikwa R.L. (kimo kilichopimwa) 100.0 na utoro wa maji, njia ya kutolea maji ya ziada, R.L. 96.0. Hizo ni futi zinazohesabiwa kutoka alama ya mpimaji iliyopewa kimo cha kubuni, wala si mita juu ya bahari. Tofauti yake ndiyo yenye maana: futi 4, mita 1.2 za tahadhari kati ya maji kujaa na maji kupita juu ya tuta. Kontua (mistari ya kimo) za karatasi ya 1:50,000 hazisaidii hapa kwa sababu zinapishana futi 50, na ziwa zima la kina cha futi 16 linajificha kati ya mbili.

Mchoro hauna gridi, basi umefungwa kwa ncha mbili za tuta na kona ya mto. Mshale wa kaskazini haukuaminiwa. Kama ni wa dira na ukauchukulia kuwa wa kweli, nyuzi 3 tu za kosa zinahamisha mkia wa ziwa mita 18.

Wiki ya 11 na 12

Je, lilijengwa? Jedwali sasa lina safu nne tofauti: limependekezwa, limechorwa, limejengwa, limeonekana na maji. Awali ilikuwa safu moja, na ndiyo iliyoleta vurugu. Bwawa la Rufiji, jirani zetu wa kaskazini, linatosha kuwa onyo: uchunguzi wa FAO wa bonde lile ulitoka 1961, RUBADA, mamlaka ya kuendeleza bonde hilo, ikaundwa 1975, na maji yakaanza kujazwa 22 Desemba 2022.

Mwaka uliochapwa kwenye ramani si mwaka wa habari. Tafuta pembeni mwaka wa picha za anga. Lambo lililochimbwa baada ya ndege kupita halimo, hata kama chapa ni ya baadaye.

Matuta mawili yamefutwa. Yalikuwa matuta ya reli ya mradi wa karanga wa Nachingwea, yaliyokatiza vijito. Ukiangalia kutoka juu yanafanana mno na lambo lililobomoka. Kinachoyatofautisha ni kwamba tuta la reli linaendelea kuvuka bonde kwa mstari uleule, na halina utoro pembeni.

Maji tunayatafuta kwa picha za setilaiti ya Sentinel-2 (pikseli ya mita 10), bendi ya 3 na ya 8, picha za Juni na Oktoba. Machi haifai: mawingu, na majaruba ya mpunga yanasoma kama ziwa. Lambo la wiki ya 10 lina kama mita za mraba 21,000, yaani pikseli 210 za Sentinel lakini 23 tu za setilaiti ya Landsat ya mita 30. Landsat za miaka ya 1970 zingekupa pikseli tatu, usijisumbue.

Wiki ya 13

Majina. Ramani za Wajerumani za 1:300,000 zinaandika Rowuma na Ssudi, na "tsch" ni ch yetu. Milimita moja hapo ni mita 300, kwa hiyo tunachukua jina na kuacha mahali.

Uwanda wa Makonde umeachwa wazi kwa makusudi. Mvua inazama mchangani, mito ya kuziba haipo, na maji hupandishwa kwa pampu kutoka bondeni.

Zinazofuata ni karatasi za Mbwemkuru. Mbili zimekunjwa mara nne na mkunjo umepita juu ya mto wenyewe. Zitalazwa chini ya kioo kizito siku mbili kabla ya kuskaniwa.