Pikipiki ya Kichina ya cc 200 kwenye lami, vumbi na chumvi ya Tanga

Wengi wakinunua pikipiki ya Kichina ya cc 200, ile ndefu ya matairi ya kashata, wasiwasi wao wote huwa kwenye injini. Injini ndiyo kitu cha mwisho kukusumbua. Kinachosumbua ni bolti zilizolegea, beringi zisizo na grisi, na soketi za umeme zinazoliwa taratibu na chumvi ya bahari yetu. Mimi naitumia Tanga mjini, barabara ya Pangani mpaka Kigombe, na kupanda Amani kutokea Muheza. Injini naipa oili safi na tapeti (nafasi ya valvu) sahihi. Muda wangu mwingi unaishia kwenye fremu na nyaya.

Kwanza ujue ulichonunua. Angalia herufi zilizogongwa kwenye bloku ya injini. Zangu zinasomeka 163FML: 1 ni silinda moja, 63 ni kipenyo cha silinda kwa milimita (kwa usahihi 63.5), F ni kupoozwa kwa hewa, M ni pikipiki, na L ni kundi la cc 200. Ukikuta 162FMJ ni cc 150, na 156FMI ni cc 125. Dukani usitaje jina lililobandikwa kwenye tenki, taja namba hiyo. Stika hubadilika kila kontena likiingia, injini ni ileile ya ukoo wa Honda CG125 ya miaka ya 1970: valvu zinasukumwa kwa fimbo, kemu inazungushwa na gia, hakuna cheni ya taiming ya kurefuka na kupiga kelele. Ukoo huohuo umo kwenye guta nyingi za mizigo, kwa hiyo spea hazikosekani. Ila guta nyingine injini yake hupoozwa kwa maji, na silinda na hedi yake haziingiliani na za kwako. Nenda na kipuri kikuukuu mkononi, ulinganishe kwenye kaunta kabla ya kutoa pesa.

Pikipiki hizi hufika ndani ya makreti na kuunganishwa hapahapa nchini, na kazi hiyo hufanywa kwa haraka. Ikiwa mpya, kabla ya kuipeleka popote, ipe siku nzima chini ya mwembe na boksi la spana. Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Bolti za pikipiki mpya nazo tabia yao ndiyo hiyo. Silinda moja inatikisa, na mtikisiko hulegeza kwanza bolti zinazoshika injini kwenye fremu, kisha za sproketi ya nyuma, za sailensa, za keria, na ile moja ya stendi ya pembeni. Natoa moja moja, nasafisha tredi kwa petroli, naacha ikauke, natia tone la gundi ya kufungia bolti, ile ya bluu, narudisha. Nyekundu haifai hapa, kuifungua kunataka moto. Za sailensa sizitii gundi kwa sababu joto linaiua. Naweka washa ya springi na kuzikaza upya injini ikishapata moto na kupoa mara kadhaa. Mwisho navuta mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha bolti mpaka kwenye fremu. Mstari ukikatika, bolti imegeuka, na unaliona hilo bila kushika spana.

Nguvu ya kukaza ndiyo inayowaponza mafundi wengi. Bolti ya M6, ya spana 8 au 10, inataka Nm (nyutoni-mita) 10 tu. M8, ya spana 12 au 13, Nm 22 hivi. Kava za injini ni aluminiamu laini, na anayekaza mpaka mshipa umtoke shingoni atakuachia tundu lisiloshika kitu. Kama huna spana ya kupimia, tumia spana fupi, uishike karibu na kichwa, uache pale inapogoma.

Halafu beringi. Weka kreti la soda chini ya injini, gurudumu la mbele lining'inie, uzungushe usukani kwa kidole. Ukikwama katikati au ukihisi kama kuna mchanga, gololi za shingo ni kavu au zimekazwa kupita kiasi. Ukifungua, mara nyingi utakuta mafuta ya kuzuia kutu tu, grisi hakuna. Gololi zimelala huru, kwa hiyo tandaza kitambaa kabla ya kushusha foki, na za juu usizichanganye na za chini. Safisha, jaza grisi isiyooshwa na maji, rudisha, kaza nati mpaka foki isicheze mbele na nyuma lakini usukani uanguke wenyewe upande wowote. Swingiamu, ule mkono unaobeba gurudumu la nyuma, ni hivyohivyo: toa ekseli yake, ipake grisi urefu wote, rudisha. Ukiiacha kavu, chumvi inaigandisha ndani ya bushi, na siku ya kubadilisha bushi itatoka kwa nyundo na matusi. Ekseli za magurudumu nazo zipakwe.

Spoki mpya hujilegeza zikizoea rimu. Zigonge kwa bisibisi moja moja. Iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti ya kufa. Usizidishe robo mzunguko kwa mara moja, na usikaze upande mmoja tu, utaipinda rimu.

Umeme ndio wenye kazi hasa kwa sisi wa pwani. Toa tenki na taa ya mbele. Nyuma ya taa utakuta soketi karibu zote zimerundikana, na maji ya mvua yanatiririka humohumo. Fungua kila soketi, angalia kama kuna ukijani kwenye pini, sugua, paka grisi ya silikoni, funga mpaka ilie tiki. Ukikosa grisi ya silikoni, vaselini inafanya kazi, ila itabidi urudie mapema. Waya wa ethi unaofungwa kwenye fremu ni lazima uguse chuma kitupu. Kiwandani hufungwa juu ya rangi, na hapo ndipo zinapozaliwa shida za taa kufifia, indiketa kukosa nguvu na stata kutoa tiki tu. Kwaruza rangi mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu ya kiungo. Angalia pia pale nyaya zinapopita shingoni mwa fremu: geuza usukani mpaka mwisho kila upande, na waya unaovutika au kubanwa uuhamishe njia kabla haujachubuka.

Ukiwa na multimita, pima betri injini ikivutwa moto kidogo. Volti 13.8 mpaka 14.5 ni nzuri. Ikibaki 12 na ushee, chaji haifiki: kagua soketi ya rektifaya, kile kifaa kinachodhibiti chaji ya betri, kabla ya kununua mpya. Ikizidi 15, rektifaya imekufa na betri itachemka. CDI ya akiba, kile kiboksi kinachoamuru plagi kutoa cheche, ninayo, lakini chunga, zinafanana kwa umbo na haziingiliani. Hesabu pini, linganisha rangi za nyaya, na uijaribu nyumbani kabla ya kuiamini porini.

Tapeti nazipima injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi kabla haijawashwa. Toa plagi ili injini izunguke bila kugoma. Fungua kava ya juu ya hedi na vifuniko viwili vya upande wa kushoto wa injini. Tia gia ya tano, nyanyua gurudumu la nyuma, ulizungushe taratibu kuelekea mbele huku ukitazama dirisha dogo mpaka alama ya T ya sumaku, lile gurudumu la ndani ya kava, ikae kwenye mkato. Sasa shika roka zote mbili, zile zinazokandamiza valvu: zikicheza kidogo, uko sawa. Moja ikiwa imebana, pistoni iko juu kwenye mzunguko mwingine. Zungusha sumaku raundi moja zaidi mpaka T irudi. Valvu ya kuingiza iko upande wa kabureta, ya kutolea upande wa sailensa. Mimi naweka 0.08 mm kwa ya kuingiza na 0.10 kwa ya kutolea. Fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia, ipite kwa kukwaruza kidogo, isipite bure wala kulazimishwa. Kukaza nati ya kufungia hubadilisha kipimo, kwa hiyo pima tena baada ya kukaza. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Tapeti zinazolia kidogo hazina hatari. Zilizobana ndizo hatari, kwa kuwa valvu haifungi vizuri, haipozwi na kiti chake, inaungua, na dalili ya kwanza ni injini kuwa ngumu kuwaka ikiwa ya moto. Akikwambia fundi "hii tapeti inalia, niibane", muulize fila geji yake iko wapi.

Oili ni lita moja hivi, lakini kipimo cha kweli ni kijiti. Nunua ya pikipiki, 20W-50, iliyoandikwa JASO MA. Klachi yetu inaogelea ndani ya oili hiyohiyo, na oili ya gari yenye vilainishi vya ziada inaweza kuitelezesha. Ya kwanza ya kiwandani imwage mapema, kilomita 100 hivi, maana inatoka na unga wa chuma. Ya pili kwenye 500. Baada ya hapo kila 1,500. Injini nyingi za aina hii hazina filta ya karatasi. Nyuma ya nati kubwa ya kumwagia kuna springi na wavu mdogo, na anayemwaga bila kujua huudondosha ndani ya beseni na kuutupa pamoja na oili chafu. Uoshe kwa petroli, rudisha wavu kwanza, springi baadaye, na nati usiinyonge.

Kabureta hutoka kiwandani ikiwa na mafuta haba. Dalili ni plagi nyeupe, injini kukohoa ukifunga mafuta, na choki kuhitajika muda mrefu hata kwa joto letu la Januari. Skrubu ya mchanganyiko naifunga yote bila kulazimisha, kisha nafungua mzunguko mmoja na nusu mpaka miwili, nikitafuta pale sailensi (mzunguko wa injini bila kuvuta mafuta) inapopanda zaidi. Kama bado plagi ni nyeupe, nyanyua sindano mkato mmoja. Plagi ni D8EA au inayolingana nayo, pengo 0.6 mpaka 0.7 mm. Njia za Amani na Maramba petroli utainunua kwenye chupa, na chini ya chupa huwa kuna maji. Filta ndogo ya uwazi kwenye mpira wa mafuta inakamata uchafu, ila maji inayapitisha. Kwa hiyo pikipiki ikianza kumisi baada ya kujaza, fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, uachie kidogo kwenye kifuniko cha chupa. Maji yatakaa chini, utayaona.

Kwa kupanda Amani nilibadilisha sproketi ya mbele, kutoka meno 17 hadi 15. Unapoteza asilimia 12 hivi ya mwendo kwenye kila gia, na kwenye lami ya Muheza injini inapiga kelele zaidi, lakini juu kwenye ule udongo mwekundu wakati wa masika unapanda kwa gia ya pili bila kukata klachi. Klachi inayokatwa kila kona ndiyo inayoungua. Cheni iachie mchezo wa milimita 35 mpaka 45 ukiwa hujaikalia. Ikibana, inavuta beringi ya gia boksi kila ukigonga shimo. Klipu ya kiungo iwe na upande uliofungwa ukitazama inakoelekea cheni. Mafuta ya cheni paka jioni ikiwa bado na joto, futa ya ziada. Cheni inayotiririka mafuta ikipita kwenye mchanga wa Kigombe inageuka msasa.

Upepo: mbele PSI 22 na nyuma 28 kwa lami na mzigo. Kwenye mchanga na tope nashusha mpaka 18 mbele na 20 nyuma. Chini ya hapo tairi huteleza juu ya rimu na kung'oa valvu ya tyubu.

Ukitoka ufukweni, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, kuanzia chini ya madigadi na kwenye spoki. Usiupige mpira wa maji moja kwa moja kwenye beringi za magurudumu, shingo au mdomo wa sailensa. Iwashe ikauke, kisha kitambaa chenye oili kidogo kipite kwenye spoki na bolti. Bolti ndogo za kava na plastiki unaweza kubadilisha kwa stenlesi, mradi tredi zipakwe grisi: stenlesi, aluminiamu na maji chumvi vikikutana, kinacholiwa ni aluminiamu. Za ekseli, breki na injini ziache za chuma zenye alama ya 8.8 kichwani. Stenlesi ya rejareja huwezi kujua nguvu yake.

Kwenye mfuko wa keria nabeba tyubu ya mbele ya inchi 21 (ikibidi inakunjwa na kuingia nyuma, ya nyuma haiingii mbele), viraka, vyuma vitatu vya kung'olea tairi, pampu ya mkono, plagi, kebo ya klachi, kiungo cha cheni na klipu mbili, fyuzi, waya wa kufungia, na spana za 8, 10, 12, 13, 14 na 17 pamoja na ile ya ekseli ya nyuma. Hiyo ya ekseli ipime nyumbani. Saizi hutofautiana kati ya pikipiki na pikipiki, na ile iliyokuja kwenye kifurushi cha kiwandani hupanuka mdomo mara ya kwanza ukiikanyagia.